Vyumba Vinne vya Mraba: Selimundu na Hesabu ya Urithi

Ndugu wasikilizaji,

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi ni hili: ikiwa mimi na mwenzangu sote tumebeba kinasaba cha selimundu, na mtoto wetu wa kwanza amezaliwa mgonjwa, je, watatu watakaofuata watakuwa salama? Jibu ni hapana, na sababu yake iko katika mraba huu niliouchora ubaoni.

Kila mtu hupokea nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, moja ya baba na nyingine ya mama. Nakala ya kawaida tunaiita A, yenye hitilafu tunaiita S. Mwenye AS kwa kawaida haugui. Mwenye SS ndiye ambaye chembe zake nyekundu, zikipungukiwa oksijeni, hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu makali ya mifupa yakaanza. Juu ya mraba naandika A na S za baba, ubavuni A na S za mama. Nikijaza vyumba vinne napata AA, AS, AS na SS.

Lakini vyumba hivi si watoto wanne. Ni njia nne zenye uzito sawa ambazo mimba moja inaweza kufuata, na kila mimba huanza upya na mraba mzima.

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechunguza urithi kwa kutumia mimea, alipochanganya njegere za mviringo na zilizokunjamana, kisha akaacha machotara wajichavushe, alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu kabisa na tatu kwa moja. Hata hivyo, mmea mmoja ulimpa 43 za mviringo na 2 tu zilizokunjamana, na mwingine 14 kwa 15. Familia zetu zinafanana na mmea mmoja, wala si shamba zima. Wazazi wawili wenye AS wakizaa watoto wanne, uwezekano wa wote kuepuka ugonjwa ni 81 katika 256, yaani takriban asilimia 32. Ndiyo maana nyumba moja huuguza watoto watatu mfululizo ilhali jirani mwenye vinasaba vilevile hauguzi hata mmoja, na watu wakaanza kutafuta mkono wa mtu. Inaniuma zaidi kuona mama akibebeshwa lawama peke yake, kwa kuwa SS haipatikani bila S ya baba.

Kuenea kwa S nako kuna chanzo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo S ni nyingi zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Wachumba, mmoja akiwa AS na mwingine AA, hakuna chumba chenye SS, ingawa viwili vina AS. Mmoja akiwa AS na mwingine SS, nusu ya mraba ni SS. Ila majibu yatoke kwenye kipimo kinachotenganisha himoglobini kwa umeme, kwa sababu kile cha haraka cha kuchanganya damu na dawa huonyesha tu kwamba S ipo bila kubainisha AS na SS, na anayekitegemea hicho atajaza mraba wake kwa kukisia.