Presi ya Vituo Vingi: Soma Ukanda Kabla ya Kushika Spana

(Mhadhara kwa mafundi wa presi za kukata na kukunja bati, Industrial Area, Nairobi)

Habari za asubuhi, mafundi. Naona wa Kariobangi Light Industries mko hapa mbele, wa Kamukunji upande ule, na vijana wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wamejibanza nyuma karibu na chai. Karibuni nyote. Historia ya presi tutaiacha leo. Naanza na huu ukanda wa bati nilioushika, na naomba upitishwe mkono kwa mkono. Msiukunje.

Ukanda huu ni wa kutengenezea bawaba za mlango. Chuma laini, unene wa milimita 1. Dai yake, yaani kile kifaa kinachofungwa ndani ya presi kukata na kukunja chuma, ina vituo sita. Kituo cha kwanza kinatoboa matundu mawili madogo ambayo mteja hatayaona kamwe, ni ya piloti tu, vile vijiti vinavyoingia tunduni kuuweka ukanda mahali pake. Cha pili kinatoboa matundu ya skrubu. Cha tatu kinakata pembeni ili umbo lijitokeze. Cha nne kinaanza kukunja ncha, cha tano kinaizungusha iwe bomba la kupitishia pini, na cha sita kinakata, kipande kinadondoka kwenye karai. Kila presi inapopiga, ukanda unasogea hatua moja, na vituo vyote sita vinapiga kwa wakati mmoja. Pigo moja, upande mmoja wa bawaba. Ndiyo sababu tajiri anaipenda dai ya namna hii. Fundi anaichukia kwa sababu iyo hiyo: vituo sita vikipiga pamoja, kosa la mmoja linabebwa na wote.

Wengi wetu hushika spana pale tunapoona tatizo. Bomba la bawaba limetoka wazi, basi tunakimbilia kituo cha tano, tunashusha kidogo ramu, kile kichwa cha presi kinachopanda na kushuka, tunapiga tena. Bomba linafunga vizuri. Baada ya muda panchi ya kituo cha pili, yaani kile chuma cha kutobolea, inakatika, na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili. Ni kama foleni ya Jogoo Road: wewe umekwama Donholm unamlaumu dereva wa mbele yako, na kumbe kinachozuia magari kiko City Stadium.

Kwa hiyo sheria yangu, na hii naisisitiza kwa vijana: presi ikianza kutoa kazi mbaya, usiuvute ukanda nje. Zima stima, subiri flaiwili, lile gurudumu zito la presi, isimame kabisa, weka gogo la usalama chini ya ramu, kisha chora alama kwa kalamu ya wino palipo na kila kituo. Hapo ndipo unaufungua na kuutoa mzima. Sasa una mapigo sita ya mwisho yakiwa yamepangwa mbele yako kwa mfuatano. Anza mwisho, rudi nyuma. Tafuta mahali pa kwanza ambapo ukanda ulikuwa bado mzima. Kosa liko kati ya hapo na kituo kinachofuata.

Tuangalie tundu la piloti. Tundu zuri ni duara. Ukiliona limekuwa refu kidogo kama yai, upande mmoja umesuguliwa unang'aa, hiyo ni taarifa kamili. Kazi ya piloti ni kuusahihisha ukanda kidogo, kuuvuta sehemu chache za mia za milimita hadi mahali pake. Haikuumbwa iburute ukanda. Tundu likirefuka, maana yake ukanda unafika mahali pasipo pake, au unafika vizuri lakini bado umeshikwa.

Kwa wenye rola za kulisha, zile zinazousukuma ukanda ndani ya dai, hilo la pili ndilo la kawaida. Rola zinapaswa kuachia ukanda pale ncha ya piloti inapoingia tundu, ili ukanda uwe huru kusogea. Zikichelewa kuachia, piloti inavuta huku, rola zinashikilia kule, na tundu ndilo linalolipa. Zikiachia mapema mno, uzito wa koili, lile bunda la ukanda uliozungushwa, unaurudisha ukanda nyuma. Kuna kamu ndogo pembeni ya kurekebisha hilo, na mara nyingi imefunikwa na grisi iliyokauka kiasi kwamba opereta hajui ipo. Angalieni pia piloti yenyewe ikilinganishwa na sahani ya kubandua, ile ya springi inayoukandamiza ukanda. Piloti lazima itangulie. Sahani ikikandamiza kwanza, piloti inakuta ukanda umeshabanwa, na hapo hakuna cha kusahihisha.

Lakini wengi humu ndani hatuna koili. Tunanunua bati la futi nane kwa nne, tunalipeleka kwenye mashine ya kukata, tunarudi na kanda za mita mbili na nusu kasoro, tunazilisha kwa mkono hadi kwenye kizuizi. Sitawadharau kwa hilo, kazi nzuri sana imetoka kwa mkono. Ila kuna makosa ambayo vitabu vya wenye koili haviyataji.

Kosa la kwanza ni mwanzo wa ukanda. Ukiuingiza ovyo, ukingo wake unasimama katikati ya panchi, na panchi inakata nusu tu ya duara. Nguvu yote inaisukuma kando. Panchi nene inavumilia, ya milimita 4 inapinda, na siku nyingine inakatika ukidhani chuma cha panchi ni kibaya. Unapoanza na koili, hilo linatokea mara moja kwa koili nzima. Kwetu linatokea kila mita mbili na nusu. Chora mstari kwenye reli ya kuongozea: ukingo wa ukanda mpya usimame hapa kwa pigo la kwanza. Au funga kizuizi cha kidole kinachoingia kwa pigo hilo na kutoka. Hakigharimu kitu.

Kosa la pili linakuja na kijana aliyetumwa kukata bati. Bati lina mwelekeo wake, ule lilivyoviringishwa kiwandani. Leo amekata kwa urefu, kesho ameona atapata kanda nyingi akikata kwa upana. Kanda ni sawa kwa macho na kwa mikromita. Ila mkunjo uliokuwa unakatiza mwelekeo sasa unafuatana nao, na bomba la bawaba linaanza kupasuka mgongoni. Utabadilisha springi, utapaka mafuta, utasaga dai, na ufa utabaki. Mwandikie mkataji kwenye karatasi.

Upana nao upimwe pande zote mbili za ukanda. Ukiwa mpana kichwani na mwembamba mkiani, utabana kwenye reli au utacheza ndani yake, na matundu ya skrubu yatahamahama.

Sasa nije kwenye kunoa, ambako naona dai nyingi jijini zinauliwa.

Nafasi kati ya panchi na tundu la dai, kwa chuma laini, huwa asilimia 5 hadi 10 ya unene kwa kila upande. Kwa bati letu la milimita 1 ni milimita 0.05 hadi 0.1. Chukueni kile kidonge kinachotoka kwenye tundu, mkitazame ubavu. Kuna utepe unaong'aa, yaani sehemu iliyokatwa, halafu sehemu ya kijivu yenye chengachenga, iliyovunjika. Kwa chuma laini, utepe wa kung'aa ukiwa karibu theluthi moja, mko sawa. Makali yakijitokeza kuzunguka tundu lote, panchi au dai imekuwa butu. Yakijitokeza upande mmoja tu, usinoe! Hapo vitu viwili havitazamani: nguzo za kuongozea zimelegea, ramu inacheza kwenye reli zake, au dai imefungwa vibaya mezani. Ukinoa, utapata siku mbili za furaha.

Basi tuseme ni butu kweli, na unasaga uso wa panchi milimita 0.2. Unairudisha, haifiki tena chini. Unafanyaje? Wengi wanashusha ramu milimita 0.2. Kukata kunarudi vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini ramu ni moja. Umeshusha pia kituo cha nne na cha tano, ambavyo havikunolewa. Vile vya kukunja vinagonga mwisho wake milimita 0.2 kabla ya wakati, na chuma hakina pa kwenda. Presi inaanza kunguruma pigo linapofika chini, bomba linabanwa likose umbo, na baada ya kunoa mara tatu namna hiyo, kitu kinapasuka. Dawa ni shimu: ulichokisaga usoni, kirudishe mgongoni. Umesaga 0.2, weka kipande cha 0.2 nyuma ya panchi, na kimo cha kufunga, yaani pale ramu inapoishia chini, usikiguse. Ukisaga upande wa dai ni vivyo hivyo, shimu chini yake, la sivyo ukanda utapita ukiwa umepinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kila dai iwe na daftari lake, hata la shilingi ishirini: tarehe, panchi gani, umesaga ngapi, shimu ngapi.

Na mkitoka kwenye mashine ya kunoa yenye meza ya sumaku, ondoeni sumaku kwenye panchi. Narudia kwa sababu hili linapuuzwa. Panchi yenye sumaku inatoboa, kisha inapanda na kidonge kimeng'ang'ania usoni. Kinadondoka juu ya dai. Ukanda unasogea, pigo linalofuata linakuta chuma mara mbili. Ukiwa na bahati unapata bawaba yenye kovu. Ukikosa bahati unanunua panchi. Kidonge hupanda pia kwa sababu ya mafuta mengi mno, yanayokishika kwa kunyonya, au nafasi iliyo kubwa mno hivi kwamba kidonge kinakaa kimelegea ndani ya dai, au panchi isiyoingia ndani vya kutosha. Kwenye panchi iliyo nene vya kutosha, toboeni katikati muweke pini ya springi ya kukisukuma. Nyembamba, punguzeni mafuta kwanza.

Vidonge vikigoma kushuka chini, tatizo ni jingine. Vinajazana ndani ya tundu la dai mpaka vinakuwa kipande kimoja cha chuma, na dai inapasuka. Angalieni tundu la meza chini kama limelingana na la dai. Nimeona dai nzuri imefungwa juu ya meza isiyo na tundu mahali pale, kwa sababu bolti zilikuwa zinapatikana upande ule tu.

Bati lenye zinki lina uchafu wake: zinki inabanduka na kuganda kwenye vituo vya kukunja, na mkunjo unabadilika polepole kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Futeni, msirekebishe.

Kabla ya maswali, kuna jambo ambalo si la kutafuta kosa huku kazi ikiendelea. Presi ikipiga mara ya pili na mguu wako haupo kwenye pedali, kazi imeisha kwa siku hiyo. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inadai sehemu hatari za mashine zizibwe, lakini hata bila sheria, vidole havina shimu. Ndiyo, uliza.

Swali: Mwalimu, presi yetu ni ya zamani, ya klachi ya ufunguo. Bosi anataka kuweka ile miale ya taa inayosimamisha mashine mkono ukipita. Itatatua hilo la kupiga mara mbili?

Hapana, na mwambieni kabla hajatoa pesa. Klachi ya ufunguo, ile inayounga shafti na flaiwili kwa kipande cha chuma, ikishashika, lazima izungushe duru nzima. Hakuna kinachoweza kuiachisha katikati, kwa hiyo miale itauona mkono wako na ramu itaendelea kushuka. Miale ni ya presi zenye klachi ya msuguano, zinazoweza kusimama popote. Yenu inahitaji kizuizi cha chuma mbele, chenye mwanya wa kupitisha ukanda lakini si kidole, na opereta asiingize mkono ndani ya dai. Kuhusu kurudia pigo, fungueni muangalie vitu vitatu. Springi ya kurudisha ufunguo: ikiwa imekatika au imelegea, badilisheni. Kingo za ufunguo na za nyumba yake: zikishaviringika, ufunguo unajishika wenyewe, na hapo hakuna kuchomelea, ni kubadilisha vyote viwili. Na breki ya shafti: bitana yake ikiisha au ikipata mafuta, shafti inapita kilele badala ya kusimama, na ramu inaanza kushuka. Presi ikiwa tupu, bila dai, piga moja moja na mtazame ramu inasimama wapi. Isiposimama juu pale pale kila mara, msiifunge dai.

Swali: Na kama bosi anasema oda ni ya kesho?

Toeni ufunguo wa klachi, mwende nao nyumbani.