Egemeo Liko Wapi? Tunaongelea Saspensheni ya Nyuma ya Baiskeli za Milimani

IDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunabaki nyuma ya baiskeli, pale shokapu ilipo. Dada Neema, kuna swali linarudi kila mara: "Hii inanesa milimita 150 nyuma, ile 130. Nichukue ipi?"

NEEMA: Na mimi kila mara narudisha swali, kaka Idi: egemeo liko wapi, yaani kile kiungo ambacho mkono wa gurudumu la nyuma unazungukia? Milimita zinakwambia gurudumu linapanda kiasi gani, basi. Hazikwambii linapita njia gani, wala mnyororo na breki vinafanya nini wakati huo. Unaweza kukuta mbili zenye 150 zote, moja inapanda kilima imetulia, nyingine kila ukikanyaga inabonyea na nguvu zako zinaishia kwenye shokapu.

IDI: Tuanze na iliyo rahisi kabisa.

NEEMA: Egemeo moja. Tazama swingamu ya bodaboda, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ndiyo hiyo hiyo. Orange, watengenezaji wa baiskeli wa Halifax, Uingereza, waliishikilia miaka na miaka, na ninawaelewa: beringi ni chache, matope hayana pa kujificha. Tatizo ni breki. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, imefungwa kwenye swingamu yenyewe, kwa hiyo ukibana breki, gurudumu linataka kuizungusha swingamu pamoja nalo. Saspensheni inakuwa nzito, na hapo ndipo upo kwenye mawe unaihitaji.

IDI: Ndipo anapoingia Horst Leitner.

NEEMA: Huyo ninampenda sana. Mzaliwa wa Austria, mtu wa pikipiki za mashindano, akawa California na kampuni yake, AMP Research. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua mkono wa chini, ule unaotoka karibu na pedali kwenda kwenye ekseli, akaukatisha karibu na mwisho na kuweka egemeo dogo mbele ya ekseli. Dogo tu! Lakini sasa gurudumu na kalipa vimebebwa na mkono wa juu, havijafungwa moja kwa moja kwenye ule wa chini. Breki ikibanwa, saspensheni inaendelea kufanya kazi.

IDI: Na Specialized, kampuni ya baiskeli, wakanunua hataza zake, yaani haki za uvumbuzi.

NEEMA: Mwaka 1998. Wengine waliotaka kuuza Marekani ikabidi walipe leseni au watafute njia nyingine. Wapo walioweka egemeo juu ya ekseli, kwenye mkono wa juu. Trek na mhandisi Dave Weagle, kila mmoja kivyake, wakaliweka palepale kwenye ekseli. Hataza za Leitner zimeshaisha muda wake, ndiyo maana siku hizi unaona egemeo hilo kwenye baiskeli za kampuni nyingi.

IDI: Kwa macho zote zinafanana, vyuma vinne na viungo vyake. Mnunuzi atazitofautishaje?

NEEMA: Chuchumaa ubavuni. Weka kidole kwenye ekseli, fuata chuma cha chini kwenda mbele. Ukifika fremu kuu hujakutana na egemeo njiani, isipokuwa lile la mwisho la kwenye fremu, basi gurudumu hilo linazunguka egemeo moja, hata kama huko juu kumejaa viungo. Ukikutana na egemeo kabla ya kufika, hiyo ni ya ukoo wa Leitner, au ni ya mikono mifupi miwili kama zile nyingine za Weagle.

IDI: Tuje kwenye kukanyaga. Kwa nini nyingine zinabonyea?

NEEMA: Ukikanyaga, uzito wako unarudi nyuma na shokapu inataka kubonyea. Egemeo likiwa juu ya kutosha, mvuto wa mnyororo na msukumo wa gurudumu vinaisukuma swingamu chini, vinafuta kule kubonyea. Vikilingana kabisa, wahandisi wanasema asilimia 100.

IDI: Si waliweke juu tu, wamalize?

NEEMA: Kuna gharama yake. Gurudumu likipanda, ekseli inaachana na pedali, mnyororo unahitaji urefu ambao haupo, unavuta pedali zirudi nyuma. Utausikia nyayoni, hasa ukipanda mawe polepole. Basi wachoraji wa fremu wanahangaika kusawazisha mambo hayo mawili. Kilichowasaidia ni kuondoka kwa gia za mbele: SRAM, watengenezaji wa gia, walipotoa seti ya XX1 mwaka 2012, ikabaki sahani moja, na wachoraji wakapanga egemeo kwa kuiangalia hiyo moja badala ya tatu.

IDI: Na zile zenye kapi dogo juu ya pedali?

NEEMA: Commencal Supreme, Forbidden Druid. Egemeo liko juu sana, kwa hiyo gurudumu likigonga jiwe linapanda huku linarudi nyuma, linafuata kule linakosukumwa. Mnyororo unapitishwa kwenye kapi karibu na egemeo ili usivute pedali. Kwa kushuka, raha tupu. Ila kapi lina msuguano na linadai usafi, kwa hiyo kwa mtu wa kupanda kutwa nzima nisingemshauri.

IDI: Mtu ameshanunua, fremu haibadiliki. Afanye nini?

NEEMA: Apime anavyoizamisha akikaa. Asogeze kile kipete cha mpira kwenye shokapu mpaka kiguse sili, akae na mzigo wake wote, ashuke taratibu bila kuruka. Shokapu ya milimita 60 ikiwa na kipete kwenye 18, hiyo ni asilimia 30, pazuri pa kuanzia. Kwenye fremu ya milimita 150, gurudumu limepanda kama 45.

IDI: Na ikigonga mwisho kila anaporuka?

NEEMA: Asikimbilie kujaza upepo, ataharibu kipimo alichokipata. Kwa shokapu ya upepo aongeze vipande vya kupunguza nafasi ndani: mwanzo unabaki laini, mwisho unakaza. Kwa ya springi haiwezekani hivyo, ndiyo maana inataka fremu inayokaza yenyewe kadiri inavyozama. Kabla ya hayo yote, ashike tairi la nyuma alitikise kushoto na kulia. Likilia "ko", huenda beringi ya egemeo au bolti imelegea, aanzie hapo.