Mbona Huyu Wenu Hafi?

Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na wahudumu wa afya, Malindi

Wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wahudumu wa afya mliotoka Ganda na Mambrui na jua hili lote, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie umuhimu wa ngoma katika kuwaelimisha watu kuhusu maisha na VVU. Umuhimu mnaujua, msingeujua msingekuja. Mimi nimekuja kugomba, na walionisikia mwaka jana watanisamehe, maana ni ugomvi uleule.

Kila ikikaribia Disemba mosi, Siku ya Ukimwi Duniani, mnanialika nitazame mchezo, na mchezo haubadiliki. Kijana anapakwa unga usoni, anavikwa buibui kuukuu la dadake, anaitwa Ukimwi. Anaingia kwa firimbi, anawarukia wachezaji mmoja mmoja. Anayeguswa bega anakohoa, anapepesuka, anaanguka, anafunikwa leso. Mwishowe linatoka jeneza la maboksi, watoto wanacheka, mgeni rasmi anapiga makofi, tunagawiwa soda. Kaguswa bega, jamani! Halafu mhudumu anasimama palepale kutuambia virusi haviambukizi kwa kushikana mikono. Nani atamwamini, na ngoma imeshamkanusha mbele ya kijiji kizima?

Najua mchezo huu ulitoka wapi. Kenya ilitambua mgonjwa wa kwanza mwaka 1984, na ilipofika 1999, Ukimwi ukitangazwa janga la kitaifa, tulikuwa tunazika kila wiki. Dawa za mchanganyiko zilishaanza kuokoa watu Ulaya na Marekani tangu 1996, lakini huku kwetu maskini alizisikia redioni tu. Aliyecheza jeneza wakati ule alicheza alichokiona. Wa leo anacheza nini? Dawa ni bure, wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, na anayekimeza bila kuruka mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Hilo si la kufarijiana. Matokeo ya utafiti uitwao PARTNER yalichapishwa 2016 na tena 2019: wapenzi mmoja anavyo virusi na mwenzake hana, hawatumii kondomu, mwenye navyo yuko kwenye dawa na virusi havionekani. Walioambukizwa na wenzi wao hao? Hakuna hata mmoja. Sasa nionyesheni ngoma moja hapa Malindi inayocheza hilo.

Sisi tulijaribu. Nitawasimulia hata mkichoka.

Tulikwenda kijiji kimoja upande wa Marafa, tukacheza gonda chini ya mwembe. Tulichagua gonda kwa sababu ni ngoma ya vijana, haina harufu ya hospitali. Kayamba zikashika, njuga zikajibu, wasichana na hando zao, zile sketi za marinda, mabega yanakwenda. Katikati ya raha ikalia simu, kengele ya kumkumbusha mtu dawa. Mchezaji wa mbele akatoka kwenye mstari, akafungua pindo la leso, akatoa kidonge, akanywa maji, akarudi. Ndiyo mchezo mzima huo.

Lakini sikilizeni tulivyougombania kwenye mazoezi. Mpigaji wa ngoma alitaka asimamishe mdundo kengele inapolia, watu washtuke. Nikamwambia hapana, wewe piga. Nafasi ya yule dada isizibwe, ibaki wazi vilevile, na wenzake wasigeuke kumtazama. Akirudi, aingie kwa mguu uleule uliokuwa zamu yake. Hilo si rahisi, muulizeni yeyote anayecheza gonda: ukitoka umeshapotea. Binti alirudia mpaka akawa analia kwa hasira. Ila siku yenyewe aliingia kama hakutoka. Kengele ikalia mara ya pili, akatoka, akarudi. Mara ya tatu nikawatazama watazamaji badala ya mchezaji: nusu yao hawakujishughulisha naye hata kidogo, walikuwa wanamtazama kijana wa kayamba anayejitia mbwembwe. Hapo nikajua tumefika.

Mzee mmoja wa mbele hakufika nasi. Akanyanyua bakora, akauliza kwa sauti: "Mbona huyu wenu hafi? Nimeketi hapa tangu saa nane namngojea afe!"

Watu wakacheka, na mimi nikafungua kinywa kumjibu kitaalamu. Sikuwahi. Mama mmoja nyuma yake akamdaka: "Kwani wewe na vidonge vyako vya presha, umekufa?"

Mazungumzo yaliyofuata singeyapata kwa semina ya siku tano. Huyu anaficha dawa kwenye mkebe wa unga mkwewe asione. Yule ni mvuvi, akienda dago, kambi ya wavuvi, anakaa nje wiki nzima na zaidi, na kliniki alipangiwa Jumanne. Hakujua kwamba aliyetulia kwenye dawa anaweza kuomba za miezi kadhaa kwa mara moja! Mtu wa jeneza la maboksi hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, kwa sababu maiti hapangiwi kliniki.

Naona mmoja ananong'ona: mwalimu, hizo ngoma ndizo zinazotumaliza, au hujui disko matanga? Najua sana. Watoto wanakesha matangani kwa muziki wa kukodi, kuna pombe ya mnazi, kuna giza, hakuna mkubwa anayeuliza nani kaondoka na nani. Serikali imepiga marufuku mara ngapi, na bado zinapigwa. Sawa, tulaumu giza na mnazi na sisi wazazi tuliolala. Gonda inachezwa saa kumi mchana mbele ya bibi zenu.

Mwingine atasema, na huyu ni msomi: Mekatilili wa Menza mwaka 1913 aliwaamsha Wagiriama kwa kifudu, na kifudu ni ngoma ya matanga, basi kifo kinaamsha watu. Ni kweli, na sanamu yake iko hapa mjini, nendeni mkamsalimie. Lakini alikuwa anawalilia vijana waliotakiwa kwa nguvu wakafanye kazi za Mwingereza. Hakumshika jirani yake mkono akamweka katikati ya uwanja akasema, huyu hapa ndiye maiti wetu. Nyinyi ndivyo mnavyofanya, na jirani mwenyewe yuko pale amebeba mtoto, anatazama, kesho ana siku ya kliniki. Mnadhani atakwenda?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

Mama zangu wa Shella na Barani mnaosema dini hairuhusu kucheza mbele ya wanaume: nani kawataka mbele ya wanaume? Vugo na lelemama ni ngoma za wanawake, mambo yenu ya ndani, na mwanamke huko ndani anauliza asiyoweza kuuliza uwanjani. Mama mjamzito anayemeza dawa vizuri huzaa mtoto asiye na virusi mara nyingi mno. Liimbeni hilo arusini.

La pili, msimtangaze mchezaji. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa siri ya hali ya mtu bila idhini yake. Yule binti wetu wa gonda ana virusi au hana? Wengi wameniuliza. Sijibu, na nyinyi msijibu.

La tatu, walipeni wachezaji. Hotelini wanalipwa kwa dakika kumi za kumchekesha mtalii, nyinyi mnawapa fulana.

Kuhusu kupima papohapo uwanjani nilikuwa na mengi, nayaacha, daktari atayasema baada ya chai. Maswali. Tuanze na yule mama wa leso ya kijani, mkono wake uko juu tangu nilipotaja mnazi. Karibu mama, na usinionee huruma.