Maji Yaliyomshinda Mwenyewe

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunayo Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na nawaonya mapema, mimi na Abdul tulianza kuzozana kabla hatujarekodi.

ABDUL: Tulizozana wapi, dada? Nilisema tu shuleni tulikaririshwa vibaya. Dhamira: umoja. Dhamira: ukombozi. Chukua maksi zako, nenda. Ukiisoma utu uzima unakuta ni tanzia ya mtu aliyezidiwa nguvu na neno lake mwenyewe.

NEEMA: Kwani umoja haumo?

ABDUL: Umo, na ndio unaotia uchungu. Watu wanalimishwa pamba ya Mjerumani kwa viboko, nyumbani njaa, binti wa Kitunda, mmoja wa wanakijiji, yu karibu kuchukuliwa, na wanaume wanatazama tu. Kila kabila linamshuku jirani yake. Halafu anaibuka Kinjeketile mtoni na kusema maji haya yatawakinga na risasi. Basi, ndipo wanaanza kuitana ndugu! Uwongo umezaa kitu cha kweli.

NEEMA: Taratibu na hilo neno. Mwongo anajua anachokifanya. Huyu aliamini kwamba Hongo, pepo wa mtoni, amemtuma. Kinachomvunja ni lile jambo la Seyyid Said.

ABDUL: Eh, hapo!

NEEMA: Amepandisha pepo, anatabiri Mjerumani atafukuzwa, watu wanashangilia. Kumbe katika maneno hayohayo kuna kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Sultani wa Zanzibar aliyefariki 1856! Akili ikimrudia anajiuliza: huu ni ukombozi gani, wa kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine? Tangu hapo anawasihi wasubiri. Nani atamsikiliza? Maji yameshagawiwa.

ABDUL: Sasa weka hilo mbele ya watazamaji wa 1969. Uhuru una miaka 8, Azimio la Arusha miaka 2. Mtu amekaa ukumbini, anasikia habari ya kubadilisha mabwana. Hussein hakumtaja kiongozi yeyote, na wala hakuwa na haja.

NEEMA: Sikatai, ila ukiifanya fumbo la 1969 peke yake unaipunja. Tazama alivyoichezea historia. Yule wa kweli, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza imeanza. Hakuona mavuno ya maji yake. Wa kwenye tamthilia ameongezewa siku. Anabakizwa hai mpaka watu waishe mbele ya bunduki, ndipo anatiwa gerezani na Kitunda. Hussein mwenyewe aliweka wazi kwamba mhusika wake si yule wa historia. Amemwongezea uhai ili amwongezee mzigo.

ABDUL: Hili sikuwahi kulifikiria. Na mzigo wenyewe unamwelemea palepale gerezani.

NEEMA: Anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uwongo. Neno moja. Kitunda, ambaye kwangu ndiye mwenye akili kuliko wote mle, aliyetaka watu wafunzwe vita badala ya kutegemea dawa, anamsihi aseme. Si kweli kwani? Watu wamekufa.

ABDUL: Naye anakataa, kwa sababu Mjerumani haulizii maji. Akikiri leo, kesho watoto wataambiwa wazee wao walikosea kupigana. Anaona maji na haki ya kupigana vimeshashonwa pamoja, huwezi kufumua kimoja.

NEEMA: Na nani aliyevishona? Si yeye? Mimi hapo humuonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Kiongozi anajua dawa haifanyi kazi, anainyamazia kwa faida ya watakaozaliwa. Na waliokwisha kufa je? Wajane wao?

ABDUL: Angekiri, wajane wangepata nini?

NEEMA: Wangepata ukweli, Abdul.

ABDUL: Kutoka kwa mtu aliyefungwa, aliyeteswa, na ukweli wenyewe ukatangazwe na Mjerumani? Ukweli ukipitia mdomo huo unageuka silaha yake.

NEEMA: Haya, hoja hiyo nakuachia nusu. Nusu nyingine siitoi. Kama angesema mapema, palepale alipoanza kushuku, asingefika mahali ambapo kila jibu ni baya.

ABDUL: Mapema alisema "subirini".

NEEMA: "Subirini" si sawa na "nilikosea."

ABDUL: ...Mh. Hebu tupumzike kidogo, nikarudie onyesho hilo, halafu nitakujibu.