Kwa nini dawa ya filamu ya rangi haidumu chupani

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja hapa kampasi ya Chiromo, Nairobi, licha ya baridi hii ya Julai. Naona wanafunzi wa kemia, na naona wapiga picha waliorudia filamu. Nyinyi wapiga picha ndio mlionipa swali la leo: mbona dawa ya kusafishia filamu ya rangi, yaani ile inayoitoa picha, ikishachanganywa, huwa hudhurungi na kufa baada ya wiki chache, ilhali nyingi za nyeusi na nyeupe hustahimili zaidi? Hatuwezi kuiongezea kihifadhi?

Hatuwezi, na sababu yake ni mojawapo ya kemia nzuri kuliko zote ninazozijua.

Ndani ya filamu ya rangi mna tabaka zenye chembe za halidi ya fedha, chumvi inayoitikia mwanga, na kando ya chembe hizo kuna kemikali isiyo na rangi ambayo leo nitaiita kiungio. Dawa yenyewe, katika mchakato wa C-41 tunaoutumia tangu 1972, ni CD-4, ya ukoo wa parafenilinidaiamini. CD-4 ikiikuta chembe iliyopigwa na mwanga, huipa elektroni. Chembe inageuka kuwa fedha, nayo CD-4 inabaki imeoksidishwa. Katika hali hiyo ndipo inaposhikana na kiungio na rangi ikatokea: njano katika tabaka za juu, majenta katikati, sayani chini. Fedha yote huondolewa baadaye kwa blichi na fiksa. Mnachokiona kwenye negativu ni rangi tupu. Mjerumani Rudolf Fischer aliliwekea wazo hili hataza mwaka 1912, na filamu za Kodachrome na Agfacolor zikalifikisha madukani katika miaka ya 1935 na 1936.

Shikeni hilo, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Rangi haitengenezwi na CD-4, inatengenezwa na CD-4 iliyooksidishwa. Na kinachoiua dawa chupani ni kuoksidishwa kulekule, ila kumefanywa na hewa badala ya fedha.

Sasa tuje kwenye kihifadhi. Dawa maarufu ya nyeusi na nyeupe, D-76, ina gramu 100 za sodiamu salfaiti katika kila lita. Salfaiti huikinga dawa na oksijeni, na huwahi kuzinasa molekuli zilizokwisha kuoksidishwa. Hapo hakuna hasara, maana tunachotaka ni fedha na fedha tumeshaipata. Katika rangi mambo yanageuka. Salfaiti ikiiwahi CD-4 iliyooksidishwa kabla haijafika kwenye kiungio, kinachotokea ni molekuli isiyo na rangi inayokwenda na maji. Salfaiti na kiungio wanagombania kitu kimoja! Ndiyo maana lita ya C-41 ina takriban gramu 4 tu za salfaiti. Ukiimwagia zaidi ili idumu, inadumu kweli, lakini negativu zinatoka zimepauka. Dawa ya karatasi za kuchapia picha za rangi, RA-4, imeondolewa salfaiti karibu yote.

Pengo hilo likajazwa na hidroksilamini, gramu 2 hivi kwa lita. Inapambana na oksijeni bila kuinyang'anya filamu rangi yake kwa kiasi kile. Lakini nayo ina udhaifu: chuma na shaba, hata kwa kiasi kidogo sana, huchochea kuvunjika kwake, na miongoni mwa mabaki yake ni amonia, ambayo huleta ukungu kwenye picha. Hapa ndipo maji ya Nairobi yanapoingia. Maji ya Ndakaini, yanayotoka Aberdare, ni laini na mazuri, lakini yakipita kwenye mabomba ya zamani yenye kutu hufika yamebeba chuma. Watengenezaji huongeza kemikali za kuzikamata metali, nami bado nawashauri mtumie maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Someni lebo vizuri msije mkauziwa asidi.

Mtu ameniuliza mlangoni kama kuishi juu kunatusaidia. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo oksijeni yetu ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na hali ya hewa ni baridi zaidi, jambo ambalo lina uzito kuliko kimo chenyewe. Dawa huharibika polepole zaidi hapa. Huharibika tu.

Basi wanakemia walifanyaje? Walitenganisha. CD-4 huuzwa ikiwa chumvi ya salfeti (si salfaiti), na katika asidi imetulia kwa sababu nitrojeni yake imeshikwa na hidrojeni na haitoi elektroni kwa urahisi. Iweke kwenye pH ya 10, yaani upande wa alkali, kinyume cha asidi, iliyoletwa na potasiamu kabonati, na inaamka. Ndiyo sababu dawa huuzwa katika chupa tatu: A ina kabonati na salfaiti, B ina hidroksilamini, C ina CD-4. Walipotaka kuuza chupa moja, tatizo likawa ile salfeti, ambayo hutuama pamoja na potasiamu. Wakaiondoa, na CD-4 tupu wakaiyeyusha katika glikoli, kimiminika cha kuyeyushia.

Wengi wenu mnaijua kanta, ile rangi ya nywele. Weusi wake hutoka kwa parafenilinidaiamini, ndugu wa CD-4, na hukolea kwa kuoksidishwa vilevile. Aliyewahi kuvimba kichwa kwa kanta asiguse dawa hii bila glavu. Nasema hili kwa uzito wote.

Sasa, nyumbani. Msichanganye dawa mpaka filamu ziwe zimetosha kumaliza uwezo wake. Anzeni na maji, kisha A, B, C, kwa mpangilio huo. Chupa iwe ya kioo, ijazwe hadi shingoni, maana plastiki laini hupitisha oksijeni. Joto liwe nyuzi 37.8 kwa dakika tatu na sekunde 15. Dawa iliyochoka haipunguzi tabaka zote kwa kipimo kimoja: vivuli vinaweza kuelekea rangi moja na sehemu angavu rangi nyingine, na kosa hilo huwezi kulinyoosha kwa kichujio. Kwa hiyo pigeni filamu nzima ya kadi ya kijivu, ile ya kupimia mwanga, kwenye mwanga uleule, mkaihifadhi kwenye friza, na kila mnapoitilia shaka dawa kateni kipande msafishe. Linganisheni na kipande mlichosafisha dawa ikiwa mpya. Vikitofautiana, mwageni dawa hiyo kabla hamjaingiza filamu ya harusi ya mtu.