Pikipiki yako inachukua wapi moto? Maongezi na madereva wa bodaboda, Njombe

Kamwene! ... Kamwene! Haya asanteni, kaeni basi, na nyie wa nyuma sogeeni huku manake hii spika inakoroma tu. Mwenyekiti wa kijiwe kanambia nikizidisha muda mtaanza kuchomoka mmoja mmoja kwenda kugombania abiria wa basi kwaiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 hapa kwetu, asubuhi na mapema na hii baridi mnayoijua, ukipita vijiweni unakuta jamaa kabonyeza selfu, pikipiki inafanya tak tak tak tak alafu kimya. Anaita wenzake wanamsukuma, haiwaki, wanasukuma tena mpaka jasho linawatoka na baridi yote ile, mwisho anaikokota mpaka gereji anasema fundi betri imekufa niuzie nyingine. Sasa betri inaweza kweli ikawa imechoka, sikatai, baridi inaipunguzia betri nguvu na wakati huohuo oili inakuwa nzito injini inagoma kuzunguka, vyote kwa pamoja. Ila kuna swali moja hakuna aliyejiuliza pale: hii pikipiki cheche ya plagi inaitoa wapi? Ukishajua hilo utajua kama kusukuma kunasaidia au mnachoshana tu.

Injini ya petroli iwake inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa, inataka kompresheni, yani pistoni iugandamize huo mchanganyiko, inataka cheche ije kwa wakati wake. Selfu haimo humo. Selfu kazi yake ni kuizungusha injini basi, na kuzungusha hata mguu wako unaweza, hata mteremko unaweza. Na selfu ndo inayokula moto, yani umeme, wa betri kuliko kitu chochote kwenye pikipiki, inavuta makumi ya ampea kwa mkupuo, ndo maana unakuta taa inawaka vizuri, honi inalia, ukigusa selfu kila kitu kinafifia. Betri hiyo haijaisha kabisa, ina moto wa kuwasha taa ila haina wa kuzungusha selfu. Na kwa kazi ya kutoa cheche huo moto mdogo unatosha kabisa! Kwaiyo acha selfu, piga kiki.

Sasa cheche. Hapa naomba msikilize vizuri manake ndo nilichokuja kusema leo. Pikipiki zetu hizi ndogo zenye CDI, kile kiboksi cha umeme kinachorusha cheche, zipo za namna mbili. Kuna ambayo CDI yake inalishwa moja kwa moja na magneti, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, yani mle kwenye magneti kuna koili yake peke yake imefungwa kwa ajili ya cheche tu, kwenye zile za Kichina mara nyingi utakuta waya wake ni mweusi una mstari mwekundu. Hiyo betri hata ukiing'oa ukaitupa bondeni ukipiga kiki cheche inakuja. Namna ya pili CDI inalishwa na betri. Hapo magneti inachaji betri, betri inalisha CDI, CDI inatoa cheche, kwaiyo betri ikishuka sana utapiga kiki mpaka goti liteguke. Msiniulize Boxer ni ipi na TVS ni ipi, manake hata kampuni ileile modeli hii na modeli ile zinatofautiana, na wengine mmeshabadilishiwa CDI huko mtaani bila kujua. Pima ya kwako.

Kupima ni rahisi. Chomoa fyuzi ya betri, fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze ile sehemu ya uzi iguse chuma cha injini, mbali kidogo na tundu la plagi manake pale panatoka mvuke wa petroli, usije ukajiunguza. Fungua swichi, piga kiki. Ukiona cheche ya bluu, pikipiki yako haitegemei betri. Usipoona, rudisha fyuzi upige tena, ikija sasa hivi basi ya kwako inakula betri. Fanya siku una nafasi nyumbani, usingoje uwe Lupembe usiku na mgonjwa nyuma.

Kupiga kiki nako watu wengi wanakanyaga kwa hasira tu. Kama ni baridi vuta choki, resi usiguse. Shusha kiki taratibu mpaka uhisi imekaza, hapo pistoni iko juu inagandamiza, ipitishe kidogo tu pale pagumu, rudisha mguu juu alafu sasa kanyaga mpaka chini kwa uzito wa mwili. Na viatu jamani! Kiki ikirudi nyuma na umevaa kandambili utanikumbuka.

Haina kiki, au kiki imekatika, ndo tunasukuma. Fungua swichi, angalia na ile swichi nyekundu ya kuzimia iwe imewekwa kuwasha (mnacheka, nimeshaletewa pikipiki imekokotwa kutoka Uwemba kosa ni hiyo swichi tu). Zima taa zote. Weka gia ya pili. Sio ya kwanza, ya kwanza tairi la nyuma litaburuza badala ya kuzungusha injini, hasa kwenye matope yetu haya, na ukiweka ya nne injini itazunguka polepole mno. Kwa asubuhi ya baridi kuna kitu wengi hawafanyi: kabla hujasukuma, ikiwa kwenye gia shika klachi uitikise mbele nyuma, sahani za klachi zinakuwa zimegandana na oili nzito, zikishaachana ndo pikipiki inakuwa nyepesi kusukuma. Alafu shika klachi, wenzako wasukume mpaka ipate mwendo wa mtu anayekimbia, kaa kwenye siti kwa uzito, manake ule uzito ndo unalifanya tairi la nyuma lishike barabara, na palepale unapokaa achia klachi kwa mara moja. Ikishika tu kamata klachi haraka na upe resi kidogo. Wanaoachia klachi polepole kama wanaondoka na abiria ndo haohao wanasukumwa kijiji kizima.

Kama yako ni ile inayokula betri, bado kusukuma kunaweza kukubali, kwasababu injini ikizunguka magneti nayo inaanza kuzalisha na CDI inapata chochote. Ila unataka mwendo zaidi na umbali zaidi, tafuta mteremko, na Njombe hii mteremko ukikosa umeamua. Kama betri imepiga shoti ndani, hapo inameza kila kinachotoka kwenye magneti, hamna kitu.

Hizi mpya za injekta ni habari nyingine kabisa. Kwenye kabureta petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tenki, kwenye injekta kuna pampu ya umeme ndani ya tenki na kuna kompyuta, vyote vinataka moto kabla ya cheche. Ukifungua swichi usikie ule mlio wa pampu, vuuu, sekunde chache alafu unyamaze, basi jaribu kusukuma. Kama hata dashibodi haiwaki, usisumbue watu, tafuta moto kwa mwenzako. Skuta za mkanda nazo msisukume kabisa, klachi yake haikamati mpaka injini iwe inazunguka tayari, utasukuma mpaka Makambako.

Kuchukua moto kwa mwenzako: volti 12 kwa volti 12. Waya mwekundu kwenye chanya ya iliyokufa, upande wa pili kwenye chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho wake kabisa usiweke kwenye betri iliyokufa, uweke kwenye chuma cha injini, manake betri inatoa gesi inayolipuka na ile cheche ya mwisho hutaki itokee pale juu yake. Ukichukulia kwenye gari dogo acha gari likiwa limezimwa. Kuna watu wanaogopa eti betri ya gari ni kubwa itaiunguza pikipiki, hapana, selfu inavuta kiasi chake tu. Cha kuogopa ni malori. Scania, Fuso na mengi makubwa yanayopita hii barabara ya Songea yana volti 24, ukiunganisha hapo unaua CDI, taa, kila kitu kwa sekunde moja. Dereva wa lori atakwambia kwa roho nzuri kabisa njoo uchukue moto, mshukuru, kataa.

Haya, maswali. Ndio kaka, mwenye koti la njano.

Anauliza, ya kwake ikisukumwa inawaka ila akiachia resi inazima. Swali zuri sana hilo. Huenda ya kwako ni ile inayokula betri. Ikiwa kwenye slensi, yani inanguruma bila resi, magneti inazunguka polepole inazalisha kidogo, na betri iliyokufa inakigombania hichohicho kidogo, CDI inabaki na njaa. Ishikilie resi ya kati, zima taa, endesha nusu saa bila kuzima. Ikitulia, sawa, ilikuwa imeishiwa tu. Isipotulia ilete tupime. Betri nzima iliyolala usiku mzima inasoma kama volti 12.6 hivi, ikisoma 12 kamili hiyo ni karibu tupu ingawa namba inaonekana nzuri, na ikisoma 10 na nusu jua chumba kimoja kimekufa, manake vipo sita na kila kimoja ni volti 2 na kidogo. Alafu ukiiwasha ukapiga resi isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 betri haichajiwi, ni regyuleta (inayodhibiti chaji) au koili ya magneti, hata ununue betri tano zote zitakufa. Ikipanda mpaka 16 regyuleta imeachia, hiyo inachemsha betri.

Mwingine... eti si bora kutoa betri kabisa kama yake haiitegemei? Naona wengi mnafanya hivo. Itawaka ndio, ila betri ndo inayotuliza umeme kwenye pikipiki, ukiitoa ule umeme wa magneti unapanda na kushuka na resi, taa zinaungua kila wiki. Ile inayokula betri ndo kabisa, unahatarisha CDI. Kama ya kwako haiitegemei betri na umekwama, toka nayo hivohivo mpaka nyumbani usiku usikukute, ila usiifanye maisha.

Kuhusu muziki na zile taa za ziada. We fanya hesabu mwenyewe. Taa kubwa ya wati 35 kwa volti 12 inakula karibu ampea 3. Tuseme betri yako ni ya ampea-saa 5, yani ampea 5 kwa muda wa saa moja, kwaiyo ukiacha taa inawaka injini imezimwa unapiga stori, hayafiki masaa mawili umekwisha. Sasa ongeza spika mbili na simu tatu za abiria zinachaji.

Mama pale, samahani nilikuwa sijakuona. Anazo pikipiki za mkataba, vijana wake wanapeleka betri kuchaji zinarudi siku mbili zimekufa. Mama, waulize wanazichaji wapi. Wengi wanapeleka kwa wale wanaochaji betri za magari, inaunganishwa chaja ileile ya betri kubwa, inachemka, maji yanakauka, sahani zinapinda. Betri ya ampea-saa 5 inataka nusu ampea tu, polepole, masaa 10 na zaidi. Na maji yakipungua iongezwe maji safi ya betri yasiyo na asidi, sio ya bomba na sio asidi, asidi inawekwa mara moja tu betri ikiwa mpya kavu, alafu inaachwa itulie kama nusu saa na inachajiwa kabla ya kufungwa. Ukiona vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani osha na maji ya moto yenye magadi, kausha, kaza. Kuna wakati tatizo lote ni hilo.

Naona mwenyekiti ananikonyeza. Basi tutoke nje, yule mwenye Boxer nyekundu aliyesukumwa asubuhi akalete spana ya plagi na yeyote mwenye viatu vya maana aje apige kiki, tunachomoa fyuzi tunaangalia ya kwake ni ipi.