Jinamizi na Daftari la Presha

Mama zangu shikamooni, dada zangu hamjambo, na akina baba mliojibanza kule nyuma, karibuni.

Mama mmoja alinijia kliniki na daftari lake la presha. Dawa za aina tatu, anameza bila kukosa, chumvi amepunguza, lakini kila asubuhi namba ni ileile: 160 kwa 100. Kwingine alikotibiwa aliambiwa ana mawazo mengi, akapewa vidonge vya usingizi. Nikamuuliza, usiku unalalaje? Akacheka. "Daktari, kuna jinamizi linanikaba. Nimesomewa, nimefukizwa, bado linakuja."

Nikamwomba aje na binti yake wanayelala chumba kimoja. Binti akasema: "Mama anakoroma kidogo tu, halafu kimya. Mimi nalala namsikiliza kama anapumua. Ghafla anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini."

Kimya hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu koo hujifunga kabisa, sekunde 10, 20, hata zaidi ya 30. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, adrenalini inamwagika, mishipa inabana, presha inaruka. Unavuta pumzi, unalala tena, na asubuhi hukumbuki kitu. Huu ndio ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Pumzi ikikatika mara 5 kwa saa tunaanza kuhesabu ugonjwa. Ikifika mara 30, umekuwa mkali. Kwa kawaida presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na hapo ndipo moyo hupumzika. Moyo wa mama huyu ulikuwa kazini usiku kucha. Na vile vidonge vya usingizi vinaweza kulilegeza koo zaidi.

Sisemi kila jinamizi ni ugonjwa huu. Wapo wanaozinduka akili huku mwili bado umelala. Inatisha, lakini siyo koo lililoziba.

Kwa nini wanawake tunawakosa? Kwa sababu picha tuliyofundishwa ni ya baba mnene anayekoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Mwaka 1993 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima usingizini wafanyakazi wa umri wa miaka 30 hadi 60. Wanawake 9 katika kila 100 walikuwa na tatizo hili, wanaume 24. Siyo wachache hao 9. Ila mwanamke haji akilalamikia kukoroma, na nani akiri jambo hilo mbele za watu? Anakuja na uchovu, kichwa asubuhi, kukosa usingizi, hasira za karibu. Tunamwandikia "msongo wa mawazo", au kama ana miaka 50, "ni hedhi inakoma". Hedhi kukoma kunahusika kweli: homoni ya projesteroni huchochea upumuaji, ikipungua hatari inapanda. Na mjamzito anayeanza kukoroma asipuuzwe, maana tatizo hili huambatana na presha ya ujauzito.

Najua mnasubiri niwaambie mlale kwa muda wa saa 7 au 8 kila usiku. Nikimwambia hivyo mama anayeamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua, atanicheka, na nitastahili.

Tiba ipo. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alitangaza mwaka 1981 mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisifunge. Ni ghali, wengi wetu hatuifikii. Inashusha presha kidogo na kuondoa usingizi wa mchana, lakini utafiti mkubwa uliotoka 2016 haukuonyesha kuwa inazuia shtuko la moyo. Waliochunguzwa humo wengi walikuwa, tena, wanaume. Kwa hiyo dawa za presha usiache. Kulala ubavu na kupunguza uzito husaidia wengi.

Naona mkono pale. Mama anauliza, anayelala peke yake atajuaje?

Swali zuri. Angalia kama unaamka kinywa kikavu, kichwa kinagonga, au umekwenda haja ndogo mara tatu nne usiku. Halafu leo weka simu kando ya mto, washa kinasa sauti, ulale. Kesho sikiliza. Ukisikia mkoromo, kimya kirefu, kisha mshtuko, usiifute hiyo sauti kwa aibu. Njoo nayo kliniki pamoja na daftari lako la presha, tusikilize wote wawili.